Eda Yangu na Figo la Kushoto

Nina figo moja. Nalisema mwanzo kabisa ili asije mtu akasoma mpaka chini akingojea muujiza. La kulia lipo, namshukuru Mungu, linafanya kazi ya mawili. La kushoto lilitolewa hospitali Unguja, na daktari aliponiuliza kama nataka kuliona nikamwambia sitaki. Baadaye nilijuta. Ningeliona, nikawahadithia watu wa kwetu Gando, Pemba, limekuwaje.

Nina hasira. Mwanangu Raya kaniambia nisubiri zipoe ndio niandike. Nimesubiri, hazipoi. Basi naandika nazo hivyo hivyo, kwa ajili ya mwanamke mwengine aliye na jiwe kubwa ndani ya figo na nyumba iliyojaa watu wanaojua kila kitu.

Naitwa Mize, nalima mwani. Mwani ni kazi ya maji kupwa. Bahari ikitoka unaingia, unainama kwenye kamba zako saa nne au tano, jua la utosi, na mbele yako ni mchanga mtupu. Haja ndogo utaiendea wapi, na wavuvi wanapita? Basi wanawake hatunywi maji. Kikombe kimoja cha chai asubuhi, basi mpaka kurudi. Na tulikuwa tukijisifu kwa hilo! Mwenzetu akichepuka kwenda kwenye mikoko tunamcheka, "Huyo kibofu chake cha mtoto mchanga!" Mimi ndiye niliyekuwa nikicheka kwa sauti kuliko wote. Daktari kasema sababu za mawe ni nyingi, lakini kutokunywa maji ni mojawapo, na siku aliyoniambia nilitaka kujipiga makofi.

Maumivu yalinianza masika ya mwaka juzi, ubavuni kushoto, yakishuka mpaka kinenani. Yakija sina pa kukaa. Nikilala naona heri nikae, nikikaa naona heri nisimame, nimeshika ukuta natapika. Halafu yanakwenda zake wiki nzima, naona nimepona. Mkojo ukawa na rangi ya maji ya nyama.

Wifi yangu Bi Zuwena, dada mkubwa wa mume wangu, alinitazama mara moja tu akatoa hukumu.

"Hilo chango."

"Chango gani linalotoa damu kwenye mkojo, Bi Zuwena?"

"Chango la uzazi, ugonjwa wa tumbo la wanawake. Wewe unanifundisha mimi chango?"

Lazima nikueleze Bi Zuwena ni nani. Kwetu ndiye anayeosha maiti za wanawake, ndiye anayewafunda maharusi, na ndiye anayewakalisha eda wajane. Akisema jambo limesemwa. Mimi mwenyewe nilimheshimu kuliko mama yangu, maana alinipokea nikiwa bi harusi mdogo nisiyejua hata kuchuja tui. Basi nikanywa dawa ya chango. Nikanywa ndimu na mafuta ya zaituni. Nikanywa majani ambayo mpaka leo sijui ya mti gani, machungu mpaka machozi yananitoka. Mwaka mzima nikinywa vya kila mtu isipokuwa maji.

Aliyenitoa kwenye hayo ni mume wangu, Faki. Faki alikuwa mtu wa maneno machache, na dada yake akizungumza yeye hutazama miguu yake. Lakini siku aliyoniona nimejikunja sakafuni jikoni na wali unaungua, alizima moto, akanivalisha buibui kwa mikono yake, akanipeleka hospitali Wete bila ya kumuaga mtu.

Tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi. Ubaya wa benchi la hospitali ni kuwa maumivu yako yanajua ratiba. Ukiwa unaitwa, yametulia, na unaonekana mzima mbele ya daktari. Nilimwomba Mungu yanishike pale pale ili waamini. Yakanishika kweli, nikajuta kuomba. Wakanipaka ule ute wa baridi, wakanipitishia kile chombo ubavuni, na kijana wa kipimo akakirudisha pale pale mara ya pili na ya tatu.

"Mama, una jiwe," akasema. "Na limejigawa."

Faki akauliza limejigawa vipi. Kijana akachukua karatasi akachora. Nilipoutazama mchoro niliona tangawizi, ile yenye vidole vinavyotokeza kila upande. Hiyo ndiyo iliyokuwa ndani ya figo langu, imelijaza.

Unguja tukaenda mwanzo wa kipupwe. Daktari wa figo alikuwa mwanamke, mwembamba, anazungumza taratibu na hapepesi macho. Namshukuru mpaka kesho kwa sababu alinieleza mimi, hakumweleza Faki halafu Faki anieleze mimi.

"Bi Mize, mawe si mamoja," alisema. "Likiwa dogo kama punje ya mtama tunakupa maji na dawa ya maumivu, linatoka lenyewe. Likizidi kidogo ipo mashine ya mawimbi. Unalala, inagonga kwa nje, jiwe linakuwa vipande unavikojoa. Na kuna kuingia na kamera nyembamba kwa njia ya mkojo. Lako limeyapita hayo. Lako tutatoboa tundu dogo mgongoni, tuingie mpaka kwenye figo, tulivunje humo humo na tulivute nje."

"Na kupasua kwa kisu, kama zamani?" Faki akauliza.

"Kupo, lakini jeraha lake kubwa na kupona kwake kunachukua muda. Tundu likiwezekana, tundu ni bora."

Mimi nikauliza langu. "Na mukiniacha nalo?"

"Litakula figo. Sasa hivi figo limevimba lakini bado linafanya kazi. Tukiliwahi, litabaki. Tukichelewa, tutakuja kulitoa lenyewe pamoja na jiwe lake."

Hayo aliyasema wazi, na mimi niliyasikia wazi. Sitaki mtu aje kunitetea kuwa sikujua.

Lakini mkojo wangu ulikuwa na usaha, na kumtoboa mtu mwenye usaha ni kuusukuma kwenye damu. Kwa hiyo kwanza waliniwekea mpira wa kupitisha mkojo, mwembamba, ncha moja imejikunja ndani ya figo na nyengine ndani ya kibofu. Nimeze dawa za kusafisha, halafu nirudi baada ya wiki sita kwa tundu la mgongoni. Na daktari akarudia mara tatu: mpira huu ni wa muda, usikae zaidi ya miezi mitatu, ukikaa unashika mawe juu yake. Faki akaandika tarehe kwenye kadi. Namba ya simu akatoa yake, maana yangu ilikuwa imepasuka kioo.

Kuishi na mpira huo hakuna anayekutayarisha. Kila nusu saa unataka kukojoa, na ukikojoa unasikia kama kuna mtu anakuvuta ubavuni kwa uzi. Ukitembea sana damu inatoka. Nilikuwa nakaa upande kwenye kiti, nacheka upande, napiga chafya nimejishika. Faki ndiye aliyekuwa akinijazia jagi la maji na kusimama mpaka ninywe. "Bado kikombe," anasema. Basi, hayo ndiyo mahaba yetu ya mwisho.

Wiki ya tatu, karafuu ndio kwanza zimeanza kuanikwa, Faki alirudi shamba akakaa barazani akasema kichwa kinamuuma. Presha alikuwa nayo siku nyingi. Nikaingia ndani kumletea maji, niliporudi alikuwa ameangukia ubavu. Kabla ya adhana ya alasiri alikuwa amekwisha kunitoka.

Sitaandika zaidi juu ya siku hiyo.

Wakaniingiza chumbani. Sisi mwanamke aliyefiwa na mumewe tunamwita kizuka, na kizuka anakaa eda, miezi minne na siku kumi. Hapaki wanja, hajitii manukato, haonwi na wanaume wa kando, hatoki bila ya dharura. Sikasirikii eda. Naweka hilo wazi kwa sababu najua wapo watakaosema Mize kaenda Unguja karudi anaitukana dini. Eda ilinipa pa kulia. Nilimpenda mume wangu, na miezi minne haikuwa mingi kwangu. Ninachokasirikia ni ile "bila ya dharura", ambayo kwetu watu waliila mkia wakabakisha "hatoki" peke yake.

Bi Zuwena ndiye aliyenikalisha, na alikuwa amefiwa na ndugu yake, macho yamemvimba. Wiki ya sita ya mpira ilipofika Raya akaja na ile kadi mkononi. Raya anasomesha skuli, ni mtu mzima, ana mtoto wake. Chumba kimejaa wanawake.

"Shangazi, mama ana tarehe yake hospitali Unguja. Jumatatu."

"Jumatatu gani? Kizuka havuki bahari."

"Mama mgonjwa, shangazi."

"Mgonjwa gani anakula ubwabwa? Jana kamaliza sahani." Wanawake wakaguna. "Mume hajakauka kaburini, mke anapanda boti na watu! Nyie watoto wa siku hizi munataka tuchekwe mpaka kisiwani Fundo?"

"Lakini daktari alisema..."

"Daktari ni Mwislamu yeye?"

"Ndio, Mwislamu!" Raya akasema kwa sauti, na mmoja wa wanawake akamwambia ashushe sauti, hapa pana msiba. Raya akanitazama mimi. Akaningojea niseme neno.

Nikatazama mkeka.

Basi Jumatatu ikapita. Na Jumatatu nyengine ikapita. Nilianza kuhesabu siku za eda na miezi ya mpira kwa wakati mmoja, na kila nikihesabu mpira ulikuwa unakwisha kwanza. Nje ya dirisha wanaanika karafuu, harufu imejaa chumba kizima, na mimi ndani na nguo nyeupe ambazo kila siku zina doa la damu. Nilikuwa nazifua mwenyewe kwenye ndoo kabla hajaja mtu. Wakinisikia naguna wananiambia ni huzuni. Nikikojoa mara ishirini kwa siku wananiambia ni huzuni. Jamani, huzuni gani inayokwenda chooni?

Mwezi wa nne wa ule mpira nikashikwa na homa. Si homa ya kujifunika khanga, ni homa ya meno kugongana, kitanda kinatetemeka nami. Bi Zuwena akaleta maji yaliyosomewa dua. Nilikunywa, na nilishukuru, na homa haikushuka. Raya akatafuta ile kadi apige simu hospitali, haionekani. Akakumbuka kuwa vitu vya baba yake vimefungiwa kabatini, vinangoja mirathi igawiwe. Akalifungua kabati. Kadi haikuwemo, lakini simu ilikuwemo. Akaichaji, akaiwasha.

Ujumbe ukaanza kuingia mmoja mmoja. Hospitali walikuwa wakimtafuta Faki tangu wiki ya sita. Mgonjwa wako hakufika. Tafadhali mlete. Mpira umepita muda wake, tafadhali sana mlete. Walikuwa wakimwandikia maiti, na simu iko hatua tatu kutoka kitanda changu, ndani ya kabati, imezimwa kwa adabu.

Raya hakumwambia mtu. Alivaa akaenda moja kwa moja kwa Shehe Hamad, khatibu wa msikiti wetu. Kutoka mlangoni kwetu mpaka kwake ni hatua hamsini, hazizidi. Shehe akaja vile vile na kanzu yake ya nyumbani, akakaa ukumbini nje ya pazia la chumba changu, akatoa salamu.

"Bi Mize, pole. Mtoto kanambia una mpira ndani ya mwili na daktari kakupangia siku ya kuutoa, na siku yenyewe imepita zamani. Kweli?"

"Kweli, Shehe."

"Na hukwenda kwa sababu ya eda?"

Bi Zuwena akajibu badala yangu. "Shehe, kizuka..."

"Bi Zuwena, subiri. Nani kakwambieni mgonjwa hatoki? Mgonjwa hutoka. Anayekhofia nafsi yake hutoka, akatibiwa, akarudi akamaliza eda yake. Hiyo ndiyo dharura yenyewe, kama hii si dharura ni ipi?" Sauti yake ilianza kupanda. "Naswali hapo, nakaa hapo, kutwa naulizwa masuala ya kuku na ya ndoto. Hili la roho ya mtu hakutokea hata mmoja wenu kuniuliza? Mbona hamkuniuliza?"

Kwenye upenyo wa pazia nilimwona Bi Zuwena kainama. Na mimi nyuma ya pazia, na homa yangu, nimeinama zaidi.

Kwa sababu mimi nilikuwa najua nyumba ya Shehe iko wapi. Ningemtuma Raya wiki ya sita. Ningemtuma siku ile ile Bi Zuwena aliposema havuki bahari. Sikumtuma, na sababu naijua: niliogopa kutobolewa mgongo. Tangu daktari aliponieleza lile tundu nilikuwa sipati raha, na Faki, ambaye angenishika mkono, hayupo. Eda ikanipa pa kujificha. Watu wakisema "hatoki", moyo wangu ulikuwa ukisema alhamdulillah. Hasira zote nilizo nazo kwa watu, sehemu kubwa ni yangu, na hii naiandika ili wewe unayesoma ujitazame vizuri. Usijifiche nyuma ya wifi yako.

Siku ya pili tulivuka. Raya, mimi, na buibui langu la eda.

Daktari alipoiona picha hakunigombeza, na ingekuwa nafuu angenigombeza. Alikaa. Akanionyesha kwa kidole: mpira umevaa mawe ncha zote mbili, juu kwenye figo na chini kwenye kibofu, umeganda humo. Ukiuvuta unakatika, na ukiulazimisha unachana njia. Kazi iliyokuwa moja sasa ilikuwa nyingi. Kwanza homa, sindano za mshipani siku kumi. Halafu mashine ya mawimbi kwa lile tabaka lililoushika mpira juu, mara mbili. Unalala kwenye meza na inakugonga ubavu, kwa mpigo usiobadilika, na ngozi inabaki na wekundu. Halafu kamera kwa njia ya mkojo kuvunja ncha ya chini. Halafu ndio tundu la mgongoni nililokuwa nikilikimbia.

Nikwambie ukweli kuhusu tundu la mgongoni, maana lilinigharimu sana kuliogopa. Nililala, nikaamka. Nilikuwa na kitambaa mgongoni na mpira unaotoka na mkojo wa rangi nyekundu ukiingia kwenye mfuko. Siku mbili nilishindwa kugeuka, ya tatu nikakaa, ya nne nikaenda chooni kwa miguu yangu nimemshika Raya. Basi! Hilo ndilo jitu nililolikimbia. Nimezaa mara tatu, na kila uzazi ulinitesa kuliko hilo. Mama mmoja wa Kisiwa Panza, kitanda cha jirani, yeye alifanyiwa hilo hilo mara moja tu, jiwe lake likatoka lote, akaondoka wiki ile ile anacheka, figo lake zima. Nilimpa mkono wa kheri. Kisha nikajifunika shuka mpaka usoni.

Mpira wangu ulitoka vipande viwili. Jiwe karibu lote. Lakini kipimo cha kutazama kazi ya figo kilipokuja, la kushoto lilikuwa limebaki jina tu. Limeoza kwa usaha, na homa zinarudi.

"Bi Mize, hili sasa linakudhuru," daktari alisema. "Likibaki, litakuharibia na lile zima."

"Ulipolipima mwanzo lilikuwa linafanya kazi."

"Lilikuwa linafanya."

"Ningerudi Jumatatu ile?"

Alinitazama, na nadhani alikuwa anatafuta namna ya kunihurumia, halafu akaamua kuniheshimu. "Kwa nilivyoliona, lingebaki."

Nikatia saini. Wakalitoa mwishoni mwa vuli. Kovu langu limeanza ubavuni limezunguka karibu na kitovu, na nikivaa gauni la kubana kovu linatokeza. Sivai gauni la kubana.

Niliporudi Gando watu wakaja kunipa pole, na hapo ndipo hasira zilipochukua makao. "Ndivyo Mungu alivyopanga, Mize." "Shukuru unalo jengine." "Kila kitu kwa majaaliwa." Mimi naamini majaaliwa, nimelelewa nayo. Lakini Mungu huyo huyo alijaalia daktari, akajaalia tarehe, akajaalia Shehe hatua hamsini. Mbona hayo hawayataji? Nilikuwa naitikia "alhamdulillah" na meno yamebanana.

Bi Zuwena hakuja. Wiki moja hakuja, mbili hakuja. Alikuwa akileta chakula mpaka mlangoni kwa Raya na kurudi: uji wa mchele, samaki wa mchuzi usiotiwa chumvi nyingi, kwa sababu daktari kakataza chumvi. Hata hilo lilinikera. Nani kamwambia habari ya chumvi?

Akaja siku tatu kabla ya Ramadhani, siku ambazo kwetu watu huzungukiana kuombana radhi kabla ya kufunga. Alikaa chini kwenye mkeka, yeye mkubwa wangu, na mimi kitandani. Amekonda.

"Mize, nimekuja unisamehe."

Nilikuwa nimejitayarisha miezi. Maneno ninayo, yamepangwa. Lakini asubuhi hiyo hiyo Raya alikuwa amerudi skuli na habari nyengine. Mwalimu mwenzake ana mdogo wake, Salma, binti wa miaka thelathini hivi, kafiwa na mume siku kumi na mbili nyuma. Salma ana sukari, na kidole chake cha mguu kimeanza kuwa cheusi. Siku yake ya kliniki imepita. Na aliyemkalisha eda ni Bi Zuwena.

"Radhi ngapi unaomba, Bi Zuwena?" nikamuuliza. "Moja au mbili?"

Hakunifahamu.

"Salma kidole chake kikoje?"

"Nimempaka asali."

"Ebo! Asali? Shehe alisema nini hapo ukumbini? Hukuwepo?"

"Alisema juu yako wewe. Wewe ulikuwa mtu wa kufa. Yule ni kidole tu."

"Na mimi nilikuwa nakula ubwabwa tu!" Nilipiga kelele, kovu likanivuta, nikalishika. "Shehe alisema mgonjwa. Hakusema Mize. Wewe umekwenda nyumba ngapi tangu siku hiyo, umekalisha wajane, ukalimeza hilo neno? Unaniomba mimi radhi, na huku unamkata mtoto wa watu mguu?"

Akaanza kulia. Nilimuacha alie, na sikuona huruma, nasema kweli. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nikisema nilikosea, nani atanisikiliza tena?"

"Mimi ntakusikiliza. Inuka."

"Twende wapi?"

"Kwa Salma. Mimi nikimwambia atoke watasema Mize kachanganyikiwa na hospitali. Shehe akimwambia, mama mkwe atasema Shehe hajui mambo ya wanawake. Anayetakiwa kusikika ni wewe. Ulifunga kwa mdomo wako, utafungua kwa mdomo wako."

Tulikwenda kwa miguu, polepole, kwa sababu mimi sijaweza kwenda mbio na yeye magoti yake mabovu. Kwa Salma chumba kilikuwa na wanawake sita au saba na mama mkwe wake. Salma kakaa pembeni, mguu kaufunika na khanga. Bi Zuwena alisimama mlangoni akashika kizingiti.

"Salma," akasema, "mgonjwa hutoka eda akaenda kutibiwa. Ndiyo sheria. Mimi nilimzuia wifi yangu Mize, na figo lake limekufa kwa sababu yangu. Nilikosea. Vaa, mwanangu, uende hospitali leo."

Mama mkwe akafungua kinywa. Bi Zuwena akamgeukia, "Nani anajua eda hapa, wewe au mie?" na yule mama akakifunga. Salma alikuwa amekwisha kusimama, anatafuta viatu, na kiatu cha mguu mmoja hakimwingii. Dada yake, yule mwalimu mwenzake Raya, akamletea kandambili.

Tuliwatazama mpaka wakaingia kwenye gari, ndipo tukaanza kurudi. Bi Zuwena alikuwa anahema. Karibu na kwetu akaniuliza bila ya kunitazama, "Mize, umenisamehe?"

"Kesho," nikamwambia.

Nilikuwa nimekwisha kumsamehe pale mlangoni, aliposhika kizingiti. Lakini mimi nililala na ule mpira miezi minne, naye nikaona alale na hilo siku moja.